Skana Chini ya Kawa

Nimekaa kwenye kaunta ya supamaketi moja ya Kinondoni miaka ya kutosha kuzichukia baadhi ya skana na kuzipenda nyingine. Wateja hudhani zote ni kitu kimoja: mashine inasema tiit, bei inatokea, wanalipa, wanakwenda zao. Si kweli hata kidogo. Kuna skana yenye uvivu, ambayo lazima uigeuzie chupa mara kadhaa kabla haijajisikia kusoma. Kuna yenye uongo, inayodaka kitu cha mteja wa nyuma na kukiingiza kwenye risiti ya mteja wa mbele, na anayetukanwa ni mimi. Na kuna moja ambayo haipendi mkate. Inasoma kila kitu, mkate haisomi, na hakuna fundi aliyewahi kunieleza kwa nini.

Nilikuwa nazilalamikia tu, kama mtu anavyolalamikia mvua. Sikuwahi kuzipambanisha kwa dhati mpaka macho ya mama yangu yalipoanza kuzimika na duka lake la Mbagala likataka kumponyoka.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwenye uchochoro unaotokea Barabara ya Kilwa. Lina dirisha pana la nondo na kibao cha kuwekea bidhaa, na ndani mna kila kitu ambacho nyumba ya uswahilini huishiwa ghafla: chumvi, kiberiti, mafuta ya kupima, majani ya chai, dawa ya mbu. Mama alilifungua baba alipofariki, mimi na kaka yangu tukiwa bado wadogo. Alikuwa amekuja mjini kutoka Lindi akiwa bibi harusi asiyejua mtu, na duka ndilo lililomjulisha kwa watu. Ndilo lililotusomesha pia, ingawa hilo halisemi. Anachosema ni kwamba akikaa mahali pasipo na dirisha la duka anasikia kizunguzungu.

Presha ya macho ni ugonjwa usio na kelele. Daktari alipouona alituambia kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga na kivuli: mama anajua mtu amesimama dirishani, lakini hajui ni nani mpaka aseme. Na hata hapo hatukushtuka sana, kwa sababu dukani mwake hakuwa mtu wa kuangalia. Unga na sukari alivijua kwa mahali vilipokaa. Noti alizipima kwenye vidole, maana hazilingani urefu. Nikimwambia apumzike, alinijibu, "Nipumzike nimechoka nini?"

Kisha likaja jambo la pakiti.

Maziwa ya unga na sabuni ya unga huja katika pakiti ndogo zilizoungana mkanda mmoja. Unautundika mkanda kwenye msumari, mteja akija unakata moja kwa mkasi. Kwa vidole, pakiti hizo ni mapacha. Upana mmoja, ulaini mmoja, hata mlio wa plastiki ukiiminya ni ule ule. Mama alizitofautisha kwa msumari: wa kulia maziwa, wa kushoto sabuni, tangu zamani. Siku moja mtu wa gari la kusambaza bidhaa, mwema tu wa watu, alimwona mama anahangaika na maboksi akaingia kumsaidia kutundika. Akatundika pale alipoona panafaa.

Kesho yake alfajiri alikuja jirani yetu wa nyumba ya mbele, mwanamke kijana mwenye mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Alitaka maziwa ya uji wa mtoto. Mama akakata pakiti kwenye msumari wa kulia. Umeme ulikuwa umekatika, na jirani mwenyewe alikuwa na mafua yaliyomziba pua. Uji ulipofoka povu sufuriani alidhani ni maziwa yanachemka. Mtoto alimeza vijiko viwili vitatu, akaanza kutapika.

Walikimbilia zahanati na mama akawafuata nyuma, amenishika mkono, maana siku hiyo nilikuwa nimelala kwake, kanga moja imemdondoka njiani wala hakuiulizia. Jioni mtoto alikuwa anacheza kama kawaida yake. Mama akaenda kuomba radhi. Jirani akampokea, akamwekea kiti, akamwambia, "Yameisha, bibi." Na kweli hakugombana. Hakumsema kwa watu, hakununa. Ila tangu siku hiyo hakununua kitu kwetu. Kila asubuhi alipita dirishani, akasema, "Shikamoo, bibi," mama akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha zile ndala zikaendelea mpaka duka la mwisho wa uchochoro. Baada ya muda zilirudi, na mfuko ukichakarika.

Mama alisikia vyote. Mtu asiyeona husikia hata asichotaka.

"Angenitukana ingekuwa afadhali," aliniambia. "Huyu ananiamkia."

Akazishusha pakiti zote za msumarini, akaacha kuziuza. Halafu akasema neno ambalo lilinikaa kifuani: "Siku nitakayomuuzia tena yule binti maziwa ya mwanawe, ndiyo nitajua mie bado muuza duka. Ikishindikana, nitafunga mwenyewe. Msije mkanisukuma."

Kaka yangu alikuwa na mpango wake. Ana nyumba Goba, juu mlimani, yenye upepo na bustani, na wajukuu wanaompenda bibi yao. Sitaki mtu amfikirie vibaya. Kaka alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye gunia la mchele kama alivyokuwa akikaa utotoni, akasema, "Mama, safari hii ilikuwa sabuni. Kesho itakuwa sumu ya panya. Twende Goba upumzike."

"Goba kuna dirisha?" mama akauliza.

"Madirisha yapo mengi tu, mama."

"La kuuzia?"

Kaka akanitazama mimi kuomba msaada. Sikumpa. Nikamwambia anipe muda mpaka Idi, nitatafuta mashine itakayomsomea mama pakiti. Akacheka, lakini akakubali. Mimi nikishika jambo sichomoki kirahisi, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wazo lilikuwa rahisi. Kila pakiti ina barkodi, ile mistari myeusi ya mgongoni. Skana ikishaisoma, kompyuta haina lazima ya kuonyesha bei peke yake. Inaweza kusema. Kazini kwetu kuna fundi wa kompyuta ambaye humvumilia kila mtu, akanitengenezea programu ndogo kwenye kompyuta yangu kuukuu: barkodi ikisomwa, sauti inataja jina la kitu. Sauti ya Kiswahili iliyokuwemo ndani ilitamka "sabuni" utadhani mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Nikaamua kurekodi yangu. Nilijifungia stoo katikati ya magunia ili kelele za muziki wa singeli wa mtaani zisiingie, nikataja bidhaa moja moja: majani ya chai, maziwa ya unga, sabuni ya unga, hamira, dawa ya mbu. Mama aliposikiliza alisema, "Mbona unaongea kama unagombana na mtu?" Nikamwambia hiyo ndiyo sauti yangu, na yeye ndiye aliyenizaa nayo.

Ikabaki skana. Hapo ndipo watu walipoanza kuniona nimechanganyikiwa.

Nilianza na ile ninayoijua zaidi, ya bastola. Unaishika, unafinya, inatoa mstari mwekundu, unaulaza mstari juu ya barkodi, tiit. Kwangu mimi ni kama kalamu, naitumia huku napiga soga. Nilinunua ya mtumba Kariakoo nikaipeleka Mbagala nikiwa na uhakika wote. Mama akaishika vizuri, akafinya, na hapo hapo nikaona ujinga wangu. Mstari ule lazima uuone ndipo uulaze. Alipapasa hewani na ile taa nyekundu ikicheza ukutani, kwenye dari, kwenye paji la uso wangu. Lakini kilichonitisha si kukosa kusoma. Kilichonitisha ni kwamba ilisoma. Mama alikuwa ameshika majani ya chai mkono wa kushoto, bastola imepita pembeni, ikasoma pakiti iliyokuwa rafuni nyuma yake, na sauti yangu ikatangaza kwa ukali, "Biskuti!"

"Hizi biskuti?" mama akauliza, huku akinusa majani ya chai.

Tulicheka, lakini bastola ile niliirudisha kwenye boksi usiku huo huo. Skana inayosoma kwa mbali ni nzuri kwa mwenye macho. Kwa asiyeona, ni shahidi wa uongo.

Ya pili ilikuwa ile yenye mdomo bapa, isiyosoma mpaka uigusishe kabisa. Kazini tuliziacha zamani, tukiziona za kizamani, lakini sasa nilimwona mwenye duka la vifaa Kariakoo anazo, nikachukua moja papo hapo. Kitu kinachosoma kwa kugusa, nani atakifaa kuliko mama? Na kweli alikipenda. Alikilaza juu ya kiberiti, tiit, "Kiberiti." Juu ya boksi la hamira, tiit, "Hamira." Haikuwa na uwezo wa kusoma cha rafuni hata ingetaka. Siku nzima nilitembea kifua mbele.

Kisha tukafika kwenye pakiti za maziwa. Mdomo bapa unataka kitu bapa. Pakiti ya unga imejaa makunyanzi, ukiibonyeza huku inavimba kule. Mama aliinyoosha juu ya paja, akaikandamiza kwenye kibao, akaivuta kwa ncha zote mbili. Ilisoma mara moja, ikakataa nyingi. Mteja aliyekuwa dirishani akakata tamaa akasema atapitia baadaye. Kifaa kilikuwa chaminifu, hakijawahi kutudanganya, lakini kilikuwa kinasoma kila kitu isipokuwa kile tulichokinunulia.

Mtu mmoja akanishauri nitumie simu, kamera yake inasoma barkodi bure. Nilimpa mama simu. Simu kwa mtu asiyeona ni kigae: hana pa kushika akajua yuko wapi. Aligusa huku, ikafunguka tochi. Aligusa kule, ikampigia kaka yangu Goba, ambaye alipokea akidhani kuna msiba. Simu nikaifuta kwenye orodha.

Kaka akaanza kunitania. "Mchagua jembe si mkulima," aliniambia kwenye simu. Nikamjibu kwamba mkulima mwenyewe ni mama, na jembe lisilo na mpini halilimi, achague asichague. Nilikuwa na hasira. Mfungo ulikuwa umeingia, siku zinakatika, na jirani bado alikuwa anapita na shikamoo yake.

Nilirudi Kariakoo. Zipo skana za kukaa mezani, ambazo hazishikwi: zinasimama kwenye kaunta na kioo chao, wewe ndiye unayepeleka kitu mbele yake. Nazo zina koo mbili. Kuna zinazomwaga mistari mingi myekundu kama wavu, na kuna zenye kamera, zinazopiga picha ya barkodi nzima kwa mkupuo. Nilikuwa nimebeba mkanda wa pakiti kwenye mkoba. Nilimsimamisha muuzaji karibu asubuhi yote. Za wavu zilisoma pakiti iliyonyooka, iliyokunjamana zikasita. Za kamera zilisoma iliyokunjamana, iliyopinda, iliyogeuzwa juu chini, hata ile niliyoifinyanga mkononi kwa makusudi huku muuzaji akinitazama jicho la pembeni. Na zilisoma kwa karibu tu, pasipozidi shibiri. Hiyo ndiyo niliyoichukua.

Niliifunga kwenye kona ya kaunta ya mama, kioo kikitazama ukuta mtupu ili isione kitu kingine chochote isipokuwa alichokishika. Nilimwekea kipande cha gunia mezani mbele yake, ili kidole kikigusa gunia ajue kioo kiko hapo. Mama akakata pakiti, akaipitisha. Tiit. "Maziwa ya unga." Akakata ya mkanda wa pili. Tiit. "Sabuni ya unga." Akarudia. Akarudia tena, akizibadilisha nyuma ya mgongo wake ajichanganye mwenyewe. Haikukosea. Akaweka mkono juu ya mashine, akasema, "Haya. Tundika maziwa."

Ingekuwa hadithi ingeishia hapo. Haikuishia. Haikupita hata wiki mashine ikaanza kukataa. Mama alipitisha kitu, kimya. Akapitisha tena, kimya. Mara tiit, mara kimya. Mchana mmoja alinipigia kazini, sauti yake ndogo, "Mwanangu, kitu chako kimekuwa bubu." Nilikichukua mpaka Kariakoo nikiwa nimejaa maneno. Muuzaji akakitoa kwenye boksi, akakifuta kwa shati lake kama wafanyavyo wauzaji wote, akakichomeka. Tiit, tiit, tiit.

"Sista, mbona kizima hiki?"

Nikakirudisha Mbagala kikiwa kizima. Baada ya siku chache kikawa bubu. Nikakipeleka tena, akakifuta, kikasoma. Mara hiyo tulirushiana maneno. Yeye alisema labda umeme wa kwetu ni mbovu. Mimi nilisema labda bidhaa zake ndizo mbovu. Akaniambia kwa utaratibu kabisa, "Sista, mie naonaga watu wanaleta vitu vimekufa. Wewe unaleta kitu kizima unakiita kimekufa." Nilitoka pale nimevimba, lakini njiani maneno yake yaliniingia. Kama kwake ni kizima na kwetu ni bubu, basi ishu iko kwetu.

Nikaomba ruhusa kazini, nikalala Mbagala, na asubuhi nikakaa kwenye kigoda ndani ya duka kuangalia siku ya mama tangu inapoanza. Sikuwa nimeiona kwa miaka mingi, kwa sababu saa hizo mimi huwa njiani kwenda kazini.

Alifungua dirisha kwa bismillahi. Akafagia. Akatia makaa kwenye chetezo, akadondosha ubani, moshi ukapanda. Hivyo ndivyo alivyofungua duka tangu siku ya kwanza, na nakumbuka harufu ile kwenye sare zangu za shule. Alikifukiza kibao cha dirishani, akafukiza mzani, akafukiza pembe za duka, midomo ikisoma dua. Kisha akapapasa gunia nililomwekea, akajua yuko wapi, akaweka chetezo chini ya kioo cha skana. Hakupita tu kama alivyopita kwingine. Alikiacha pale. Moshi ukapanda wote kwenye uso wa mashine, mzito na mweupe, na mama akasimama pembeni ameishika mashine kwa mikono miwili kama mtu anayemshikilia mtoto achanjwe.

Nikanyanyuka nikapitisha kidole kwenye kioo. Kilikuwa na utando wa mafuta, na kidole kikanuka ubani.

"Mama, unafanya nini?"

"Naiombea," alisema. "Vitu vingine nimevizoea. Hii ndiyo itakayonibakisha hapa, ndiyo nikaona niizidishie."

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea kutoka bila kicheko. Nilimhurumia, nikajihurumia na mimi, nikamkumbuka yule muuzaji na shati lake. Kila asubuhi alikuwa anaiombea mashine imbakishe, na kila asubuhi alikuwa anaiziba jicho.

Nilipomweleza hakucheka. Nikamwambia suluhisho ni dogo, aache ubani. Hapo tukagombana kweli kweli. Alisema duka lisilo na ubani ni stoo. Alisema alifukiza siku ya kwanza alipokuwa mjane mwenye watoto wawili, na hajaona sababu ya kumkatia Mungu salamu kwa ajili ya kioo. Nikamwambia basi afukize, asiiguse mashine. Akasema kitu kimoja kibaki nje ya dua, na ndicho anachokitegemea kuliko vyote? Mimi nina ukaidi, lakini chemchemi yake ninaijua iliko.

Ni yeye aliyenyamaza kwanza. Akaingia ndani, nikamsikia anapapasa jikoni. Akatoka na kawa, lile la ukili lenye mistari ya zambarau tunalofunikia futari. Akalishusha juu ya skana taratibu, likaikaa kama limesukwa kwa ajili yake. "Chakula nakifunika nzi wasikiguse," alisema, "na baraka ya Mungu inaingia vile vile." Akachukua chetezo, akazungusha moshi juu ya kawa, akasoma dua yake mpaka mwisho bila kuruka neno. Alipomaliza akafunua. Mimi nikafuta kioo kwa kitambaa laini, kwa mara ya mwisho. Tiit. "Maziwa ya unga." Tangu hapo mashine haijawa bubu tena.

Kaka alikuja mwishoni mwa mfungo. Alisalimia, akakaa kwenye gunia lake, akazungumza habari za watoto. Mama alipoingia ndani kuchukua maji ya kunawa, nilimwona kaka anasimama, anachomoa mikanda ya pakiti, anaibadilisha misumari. Nilimwacha. Ulikuwa mtihani mbaya lakini wa haki, na mimi mwenyewe nilitaka jibu lake.

Mama aliporudi, kaka akasema, "Mama, niuzie maziwa ya unga nimpelekee mke mwenzako." Hivyo ndivyo anavyomwita mkewe akitaka kumfurahisha mama. Mama akatabasamu, akapeleka mkono msumari wa kulia, akakata, akapitisha. Tiit. "Sabuni ya unga." Sauti yangu, kali kama kawaida.

Mama hakusogea. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nani kagusa misumari yangu?"

"Mie, mama," kaka akasema. "Nisamehe."

Mama akaiweka sabuni kando, akakata ya msumari wa kushoto, akapitisha, akampa. Kisha akashusha mikanda yote miwili, akaipitisha mmoja mmoja, akairudisha kila mmoja mahali pake. Kaka aliitazama ile mikono mpaka ilipomaliza. Akaniambia chini kwa chini, "Goba nitamwekea chumba cha wageni tu, basi. Aje akitaka kutembea."

Mimi nilifurahi, nikataka kupiga vigelegele. Mama akanizuia. "Bado," alisema. "Si huyu niliyemuuzia sabuni."

Nilitaka kwenda kwa jirani nikamweleze. Nilikuwa tayari nimevaa ndala. Mama akakataa kabisa; alisema mteja hafuatwi nyumbani kwake, na mama wa mtoto hashawishiwi. Basi tukakaa. Siku nzima dirisha lilikuwa linasema kwa sauti yangu: chumvi, kiberiti, maziwa ya unga, dawa ya mbu. Watoto wa uchochoroni walishaanza kuniiga, nikipita wananiita "Sabuni ya unga." Nyumba ya jirani iko hatua chache mbele ya dirisha letu, na mlango wake mchana kutwa uko wazi.

Asubuhi ya kuamkia Idi nilikuwa dukani nasaidia, kwa sababu watu walikuwa wengi wa nazi na mchele. Ndala zikaja. Mama alizitambua kabla yangu, niliona mkono wake umeganda juu ya mzani. Zikafika dirishani, na safari hii hazikuendelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Jirani alikuwa amembeba mtoto kiunoni. Alimhamishia upande wa pili, akakohoa kidogo.

"Naomba maziwa ya unga."

Mama akapeleka mkono kwenye msumari wa kulia. Akakata kwa mkasi. Akagusa gunia, akapitisha pakiti. Tiit. "Maziwa ya unga." Akaipitisha mara ya pili, ingawa hakuna haja. "Maziwa ya unga." Kisha akainyoosha kwenye nondo, hakuiachia.

"Isome mwenyewe kwanza," alisema. "Kabla hujaondoka. Isome tu, mwanangu, sitakasirika."

Jirani hakuitazama ile pakiti. Alikuwa anamtazama mama usoni.

"Nimeshasikia, bibi," alisema. "Kila siku nasikia."

Akaichukua. Akaing'ata ncha kwa meno pale pale dirishani, akaitema, akamfungulia mtoto kiganja, akammiminia.

Mama aliinamisha kichwa kusikiliza. Nje kulikuwa na kelele za watu na nazi, na yeye hakuweza kupata alichokuwa anakitafuta. Akanishika mkono chini ya kaunta, akaubana.

"Anafanya nini?"

"Analamba, mama," nikamwambia. "Analamba kiganja."